Triumph, MG na Alfa kwenye Chumvi ya Mtwara

Nimewahi kumiliki magari matatu ya spoti kutoka Ulaya, na yote yalinifikia yakiwa yameshachoka: Triumph Spitfire, MGB GT na Alfa Romeo GT 1300 Junior. Nimeyaendesha Mtwara, Lindi, Masasi na Newala, kwa kuanzia miaka ile ambayo spea zilikuwa za kuota na petroli ya kupanga foleni. Yalinizimikia kila mahali. Yalizima Mikindani mbele ya msikiti, yakazima njia panda ya Mnazi Mmoja ya Lindi, yakazima katikati ya mikorosho ya Tandahimba ambako hata baiskeli hupita kwa nadra. Nikiambiwa leo nichague upya, nitayachukua yote matatu.

Watu wanaposema magari yale yalikuwa mabovu, mimi siafiki. Yaliyokuwa yakiharibika ni vitu vidogo: kontakti iliyoshika kutu, waya uliolegea, mpira uliopasuka, vumbi lililoingia lisipotakiwa. Injini zenyewe zilikuwa ngumu. Kila hitilafu ilikuwa na mahali pake, ukaiona kwa macho, ukaisikia, ukainusa, na mara nyingi ukaimaliza papo hapo umechuchumaa kando ya barabara na spana mbili na bisibisi. Gari la siku hizi likigoma huwa linanyamaza tu, na wewe unanyamaza nalo mpaka aje mtu mwenye kompyuta. Yale yangu yalikuwa yanasema.

Ya kwanza ilikuwa Spitfire. Mtwara niliyokulia ilikuwa bado na mabaki mengi ya mradi wa karanga wa Waingereza, ulioanza mwaka 1947 na kuvunjwa mwaka 1951. Bandari ya kina kirefu ilijengwa kwa ajili ya karanga hizo, na reli ya kutoka Nachingwea vilevile. Karanga hazikupatikana, reli ikafungwa mwaka 1962, bandari ikabaki. Wakabaki pia mafundi waliojifunzia kazi kwenye karakana za matrekta. Na kule Shangani walikokuwa wakiishi Wazungu, mtu akimaliza mkataba aliacha kitu nyuma: friji, kitanda, mara moja moja gari. Spitfire yangu ilishapita mikono ya watu kadhaa nilipoikuta chini ya mkorosho, matairi yamelala, mlango mmoja una rangi nyingine, kuku wanataga kwenye kiti cha abiria.

Nilikuwa na hamu ya gari tangu shuleni. Mwaka 1966 na 1967 Bert Shankland wa Dar es Salaam alishinda Safari Rally mara mbili mfululizo na Peugeot 404, na sisi watoto wa Kusini, ambako mashindano yale hayakupita, tulikuwa tumezunguka redio ya mzee mmoja kama tunasikiliza fainali ya mpira. Peugeot 404 ni gari la familia, linabeba baba, mama na magunia. Lakini kwangu mimi kuanzia siku ile gari lilikuwa kitu cha kukimbia.

Kwa hiyo nilipoiona Spitfire sikujali mlango wala kuku. Umbo lake lilichorwa na Mwitaliano, Giovanni Michelotti, na limekaa chini kiasi kwamba ukiwa umeketi unaweza kunyoosha mkono ukagusa barabara. Jambo lililonimaliza kabisa ni boneti. Ile siyo boneti ya kuinua kama kifuniko cha sufuria. Sehemu yote ya mbele, pamoja na madigadi na taa, inapinduka kwenda mbele, na injini inabaki wazi pande zote. Unakaa juu ya tairi la mbele, miguu unaiweka ndani, unafanya kazi umetulia. Nimekarabati magari mengi tangu hapo na sijaona mpangilio unaomheshimu fundi kama ule.

Halafu kulikuwa na siri moja nzuri. Spitfire ilijengwa kwa viungo vya Triumph Herald, gari la kawaida la walimu na makarani. Injini yangu ya cc 1147 ilikuwa ndugu wa damu na ya Herald. Herald zilikuwa zimefika Afrika Mashariki kwa wingi, na zikifa zilikuwa zinalala nyuma ya nyumba za watu. Nilijua Herald zote zilizolala kuanzia Lindi mpaka Masasi. Nilikuwa napiga hodi, nasalimia, nakunywa chai, tunazungumza habari za mvua na korosho, na mwisho ndipo naomba kuona lile gari la marehemu babu. Nimetoka na pampu ya maji, na beringi za magurudumu, na sahani ya klachi, mara nyingine bila kulipa hata senti, kwa sababu mwenye nyumba alifurahi kusikia kwamba kipande cha gari la babu kitatembea tena.

Mwalimu wangu alikuwa fundi mmoja mzee wa Magomeni ya hapa Mtwara, mmoja wa wale waliotoka kwenye matrekta ya Nachingwea. Alikuwa na bisibisi ndefu yenye mpini wa mbao. Gari likija gerejini, kabla ya kufungua kitu, alikuwa analiwasha, anaweka ncha ya bisibisi kwenye injini na mpini kwenye sikio, anafumba macho. Anahama: hapa, pale, huku chini. Kisha ananipa mimi. "Sikiliza mwanangu. Hii ya juu ni vali, ina njaa ya kurekebishwa tu. Hii ya chini ndiyo ya kuogopa." Mwanzoni nilisikia kelele moja kubwa. Baada ya muda nikaanza kuzitenganisha, na hapo ndipo nilipoanza kuwa mtu wa magari. Kabla ya hapo nilikuwa dereva tu.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 kulikuwa na amri kwamba magari binafsi yasionekane barabarani Jumapili kuanzia saa nane mchana, ili kubana matumizi ya mafuta. Jumapili moja nilikuwa narudi kutoka Lindi kwenye arusi, na saa ya mkononi naiangalia kila baada ya kona. Kabla ya kufika Mikindani injini ikaanza kukohoa, ikapiga baruti kwenye ekzosi, ikazima. Nikapindua boneti. Nikafungua kofia ya distributa, ile inayogawia plagi umeme, nikamwomba mpita njia azungushe injini kwa ufunguo huku nikiangalia pointi, vile vyuma viwili vinavyokutana na kuachana ndani yake: cheche kubwa ya buluu, na nyuso za pointi zimeungua. Hiyo ni kondensa imekufa. Ni kopo dogo kama kidole gumba, kazi yake kumeza ule umeme unaotaka kuruka pointi zinapoachana, na bila hilo koili haitoi cheche ya maana kwenye plagi.

Kondensa sikuwa nayo. Ikaja Land Rover ya mzee mmoja aliyekuwa anawahi nyumbani kama mimi. Nilimsalimia, akashuka, akaangalia, hakuuliza mengi. Land Rover za wakati ule nazo zilikuwa za pointi na kondensa, na yeye, kama kila dereva mwenye busara wa Kusini, alikuwa na ya akiba kwenye kopo la maziwa lililojaa boliti. Haikukaa kwenye tundu lake ndani ya distributa. Tukaifunga kwa nje: waya wake kwenye koili, mwili wake ukibanwa na boliti ya injini. Nikapiga pointi msasa kidogo. Spitfire ikashika kwa mara moja. Nikamwuliza nimrudishie wapi kondensa yake, akasema, "Ukikuta mwenzako amekwama, utakuwa umenirudishia." Tukaondoka tukifuatana, yeye mbele na mimi nyuma nikila vumbi lake, na nilizima gari langu uani kabla saa nane haijagonga. Ile kondensa ilikaa imening'inia kwa nje miaka mingi. Sikutaka kuihamisha.

Kuhusu MGB GT naweza kuzungumza usiku kucha. Ilikuwa ya mwaka 1966, ya kijani kibichi, ilikuja kwa meli kutoka Dar es Salaam, maana barabara ya Kibiti mpaka Lindi wakati wa masika haikuwa ya gari la namna ile, na Daraja la Mkapa pale Rufiji lilikuwa bado ndoto. Lilifunguliwa mwaka 2003. GT ni ile yenye paa na mlango wa nyuma, umbo lililosaidiwa na Pininfarina wa Italia, ikatoka mwaka 1965. Mlango ule wa nyuma ulibeba magunia ya korosho, mbuzi wa Idi, na siku moja jeneza dogo ambalo sitalisimulia hapa.

Umeme wake ulikuwa kinyume. MGB za kabla ya mwishoni mwa 1967 upande wa chanya wa betri umefungwa kwenye bodi, wakati karibu kila gari unalolijua leo limefungwa hasi. Na betri ni mbili, za volti 6 kila moja, zimefichwa nyuma ya viti, zimeunganishwa zitoe 12. Kwa hiyo nilikuwa na kibao nilichokiandika kwa mkono na kukifunga kwa waya pale pale kwenye betri: CHANYA KWENYE BODI, USIGUSE KABLA HUJANIULIZA. Mafundi wa umeme walinicheka mpaka waliposoma vizuri. Unyevu wa bahari ulikuwa unaotesha unga mweupe kwenye vichwa vya zile betri, na unga ule ndio uliokuwa unanizuia kuwasha asubuhi. Dawa ni maji ya moto yenye magadi. Unamwaga polepole, linachemka povu, unasuuza, unakausha, unapaka grisi. Mama watoto alikuwa anajua: nikiomba magadi, haiulizwi ni ya mboga gani.

Lakini kilichonifundisha zaidi ni pampu ya petroli. Iko chini, upande wa gurudumu la nyuma la kulia, inaendeshwa kwa umeme: koili inavuta, kontakti zinaachana, springi inarudisha, kontakti zinakutana, na kila mzunguko unapiga tak. Ukifungua ufunguo kabla ya kuwasha unasikia tak-tak-tak-tak ya haraka, halafu tak... tak... halafu kimya. Kimya hicho maana yake kabureta zote mbili zimejaa, piga stata. Ikiwa taktak haikomi, ama tangi limekauka, ama kuna mahali petroli inavuja, shuka uangalie kabla hujawasha kiberiti karibu. Ikiwa hakuna sauti kabisa, kontakti zimeganda. Kwa sauti moja tu nilikuwa najua hali ya mafuta kuanzia tangini hadi kwenye injini, na mpaka leo nikiingia kwenye gari lolote sikio langu linaisubiri ile tak.

Zikiganda kontakti, unagonga mwili wa pampu kwa mpini wa spana, taratibu, nayo inaamka. Usiku mmoja tukitoka Masasi, kila tukipanda kilima pampu inalala. Mama watoto akashika zamu. Gari likianza kulegea, mimi nasogea pembeni, yeye ameshafungua mlango, amepiga goti na khanga yake, amegonga, amesikiliza, "Limeamka, twende!" Alikuwa na mkono mzuri kuliko wangu. Mimi nilikuwa nagonga kwa hasira, yeye alikuwa anagonga kama anayebisha hodi kwa mkwe. Tulipofika nyumbani niliifungua, nikapitisha msasa laini kwenye kontakti, na haikusumbua tena mpaka masika yaliyofuata.

Vumbi nalo lina habari yake. Kabureta za MGB, za aina ya SU, zina pistoni inayopanda na kushuka kadiri injini inavyovuta hewa, nayo inatelezea ndani ya kuba kwa nafasi ndogo sana. Vumbi jekundu la uwanda wa Makonde, kuanzia Tandahimba hadi Newala, ni laini kama poda. Likipenya, pistoni inashika, gari linakosa nguvu au linakunywa mafuta kupita kiasi. Ondoa chujio la hewa, ingiza kidole, inua pistoni mpaka juu, iachie. Ikishuka na kugonga chini kwa sauti ya chuma safi, ni nzima. Ikishuka kimya au ikaganda njiani, fungua kuba, futa vyote kwa kitambaa chenye petroli, usiguse kwa msasa kamwe, rudisha, weka oili kidogo kwenye tundu la kile kijiti cha juu. Dakika chache tu, na gari linapanda ule mlima wa kuingia Newala kwa raha zake. Pale juu, ukisimama na kuangalia bonde la Ruvuma mpaka Msumbiji, injini ya cc 1798 ikipoa kwa milio yake midogo nyuma yako, unasahau kabisa ulichokifanya njiani.

Safari ninayoulizwa mara nyingi na wanangu ni ile ya klachi. Tulikuwa tumepita Ndanda, tunarudi Mtwara, pedali ikazama mpaka sakafuni. Chini ya gari, mpira wa silinda ndogo ya klachi umekatika, mafuta yote yamemwagika. Giza linakaribia na hatuna cha kubadilisha. Yule fundi wa Magomeni alishanifundisha: zima injini, ingiza gia ya kwanza, piga stata; gari litajirusha mbele na kuwaka likiwa linatembea. Baada ya hapo unabadilisha gia kwa sikio, unaachia mafuta, unasubiri injini ishuke mpaka ilingane na gia inayofuata, unasukuma kwa vidole viwili. Ukisikia kukwaruza umewahi au umechelewa. Tatizo ni kusimama, kwa hiyo usisimame. Nyangao tukapita. Mtama sokoni, saa ya watu kurudi majumbani, mama watoto ametoa kichwa dirishani anapaza sauti, "Pisheni jamani, halina klachi!" na watu wakapisha, wengine wakishangilia, kijana mmoja akikimbia mbele yetu kufukuza mbuzi. Mnazi Mmoja nilikata kona ya Mtwara bila kugusa breki. Tulipofika watoto walikuwa wamelala kwenye kile kiti kidogo cha nyuma na hawakujua lolote.

Alfa nilikaa nayo muda mfupi kuliko zote, na ndiyo iliyokuwa gari bora kuliko zote. Junior ilianza kuuzwa mwaka 1966. Injini yake ni ndogo, cc 1290, lakini ni ya aluminiamu, ina kamshafti mbili juu, gia tano, na breki za diski kwenye magurudumu yote manne, wakati magari mengi ya hapa nchini yalikuwa bado na ngoma pande zote. Umbo lilitoka Bertone, limechorwa na Giugiaro akiwa kijana. Kwenye lami kati ya Mtwara na Mikindani, asubuhi, madirisha wazi, gia ya tatu ikipanda... sauti ile sijaisikia tena. Gia ya pili ilitaka adabu, kama inavyojulikana kwa Alfa za aina ile: asubuhi mafuta yakiwa bado mazito, unapunguza mwendo wa mkono, unampa nafasi.

Kilichoiua ni bahari. Nilikuwa naishi Mikindani karibu na mikoko, na upepo wa kusi ulikuwa unaleta chumvi kila usiku. Chuma chembamba cha Kiitaliano hakikutengenezwa kwa ajili ya hapo. Nilikuwa nailaza chini ya turubai, baadaye nikagundua turubai linafungia unyevu ndani, nikalitoa na kujenga banda la makuti lenye hewa. Nikawa naiosha chini kwa maji ya mvua kila nikirudi. Kutu ikaendelea tu. Mchomeleaji alikata bati la pipa, akaziba sakafu, akaziba kizingiti cha mlango, na kila alipoweka joto, chuma cha jirani kikayeyuka kwa sababu nacho kilishaliwa. Nikamuuzia mtu wa bara, Iringa, kwenye hewa kavu. Nililia siku ile, na wala sikujificha.

Maji nayo niyataje, kwa sababu hapa kwetu ni jambo kubwa. Visima vingi vya pwani vimechimbwa kwenye matumbawe, maji yake yana chokaa na chumvi, na ukiyamwaga kwenye rejeta kwa miaka, vijibomba vinaziba na gari linaanza kuchemsha. Kwenye injini ya aluminiamu ni mabaya zaidi, yanaila kwa ndani. Tangu siku za Spitfire nimekuwa nakinga maji ya mvua kwenye pipa, nayachuja kwa kitambaa, na hayo ndiyo yanaingia kwenye rejeta. MGB haijawahi kuunguza gasketi ya hedi mikononi mwangu.

MGB bado ninayo. Spitfire nilimpa mpwa wangu wa Lindi, na anaitunza. Spea za MGB, amini usiamini, zinapatikana leo kuliko mwaka 1985. Kiwanda cha Abingdon kilifungwa mwaka 1980, lakini tangu 1988 hata bodi nzima mpya zinatengenezwa tena huko Uingereza. Unaagiza kwa simu, mzigo unafika Dar, unapanda basi, kesho yake uko Mtwara. Mpira wa klachi ulionisumbua Ndanda sasa ninao wa akiba kwenye dashibodi.

Kwa hiyo kama uko Lindi, Nachingwea, Masasi, na unajua mahali ambapo moja ya magari haya limelala, nenda na bisibisi. Inua zulia la miguuni, choma sakafu. Ikitoboka, toboa na vizingiti vya milango pia, maana huko ndiko gharama iliko. Zungusha injini kwa mkono. Ikizunguka, mengine yote ni kazi ya Jumamosi. Kama ni Spitfire, mwambie mtu akanyage klachi huku ukiangalia puli ya mbele ya injini: ikisogea mbele na nyuma, zile washa zinazoizuia kranki isicheze zimelika, zibadilishe kabla hujaliendesha hata hatua moja. Na kama unalipenda lakini hela haitoshi, nitafute Mikindani, tuone tutaongezana vipi.